Kosa la Wengi ni la Nani?

Ni nani kati yetu, avukapo daraja ndani ya basi au apandapo ngazi za jengo refu, husimama kwanza akauliza jina la fundi aliyeunga vyuma vyake? Hakuna. Twapita tukizungumza: mama na mtoto mgongoni, mzee na mkongojo wake, mwanafunzi na madaftari yake, wala haitupitii moyoni kwamba tumemkabidhi roho zetu mtu tusiyemjua. Twampa amana hiyo bila ya mkataba wala shahidi, naye huipokea bila ya kutuona. Leo twataka kuuliza neno moja juu ya amana hiyo. Kazi ifanywapo na watu wengi, kila mmoja akitenda sehemu yake ndogo, kisha kosa likatokea ndani yake, kosa hilo ni la nani?

Mtu asidhani kwamba swali hili ni la wahandisi peke yao. Vijana wengi wa nchi yetu wanajifunza sasa ufundi wa kukata chuma na kuchomelea, na wazazi wao wameuza mazao na mifugo ili kuwalipia ada. Twafurahi kuwaona wakipata kazi. Lakini kijana aliyeanza kwa kuunda geti la nyumba huweza kesho kuitwa kuunda boriti za kiwanda, matangi ya mafuta au nguzo za daraja. Geti likiharibika, mwenye nyumba atanung'unika na kurudishiwa fedha yake. Boriti ikivunjika, hakuna wa kunung'unika wala wa kurudishiwa. Basi yafaa tumfikirie kijana huyo kabla hajafika huko.

Kazi ya kuunda vyuma vizito hupita katika mikono mingi. Mhandisi hupiga hesabu na kuchora jengo zima. Karakana nayo huchora upya kila kipande peke yake, ikionyesha urefu wake, matundu yake na namna kitakavyoungana na mwenzake. Kisha michoro hiyo hurudishwa kwa mhandisi aitazame na kuithibitisha. Ndipo chuma hukatwa, hutobolewa, huchomelewa, hukaguliwa na kupakwa rangi. Mwishowe hupakiwa garini, hupelekwa mahali pa ujenzi, na watu wengine kabisa hukipandisha juu kwa winchi na kukifunga. Mnara wa Eiffel wa Paris, uliojengwa kati ya mwaka 1887 na 1889, una vipande zaidi ya 18,000 na ribiti zipatazo 2,500,000. Vipande vyake vilitengenezwa karakana ya Levallois-Perret, na kile ambacho hakikukaa sawasawa kilirudishwa karakana kurekebishwa. Hakikulazimishwa kwa nyundo huko juu. Hakuna mtu mmoja awezaye kufanya kazi kama hiyo. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Lakini wahenga hao hao walituachia na neno jingine: manahodha wengi, chombo huenda mrama. Maneno haya mawili hayapingani. La kwanza lasema juu ya nguvu, la pili lasema juu ya dhamana. Kwa habari ya nguvu, wingi wa mikono ni baraka. Kwa habari ya dhamana, wingi wa mikono ni hatari, maana kila mmoja aweza kudhani kwamba mwenzake ndiye aliyetazama.

Tuseme habari za mji wa Kansas City, katika Marekani. Hapo palifunguliwa hoteli kubwa mwaka 1980, yenye ukumbi mpana na mrefu kwenda juu. Ndani ya ukumbi huo zilikuwamo njia tatu za kupita watu, zilizoning'inizwa darini kwa fito za chuma. Mbili kati yake zilikuwa moja juu ya nyingine. Ya tatu ilining'inia kando peke yake. Jioni ya Ijumaa, tarehe 17 Julai 1981, watu wapatao 1,600 walikuwa wamekusanyika kwa ngoma na mashindano ya kucheza. Wengine walisimama juu ya zile njia wakitazama. Ghafula ile ya juu ikakatika, ikaiangukia ile ya chini, na zote mbili zikaanguka juu ya watu waliokuwa ukumbini. Watu 114 walikufa na zaidi ya 200 waliumia. Ile iliyoning'inia kando haikuanguka.

Wachunguzi wa serikali walipotafuta sababu, hawakukuta dhoruba, wala tetemeko, wala adui. Walikuta badiliko dogo katika kiungo. Mchoro wa kwanza wa mhandisi ulionyesha ufito mmoja mrefu ukitoka darini, ukipenya boriti ya njia ya juu, na kuendelea hadi njia ya chini. Kila njia ilikaa juu ya nati yake katika ufito huo huo. Kwa karakana jambo hili lilikuwa na taabu, kwa kuwa ili kuifikisha nati ya juu mahali pake ingebidi kuchonga hesi katika sehemu ndefu ya ufito, na hesi ndefu huharibika kwa urahisi wakati wa kupandisha. Kwa hiyo wenye karakana wakapendekeza fito mbili fupi: ya kwanza itoke darini hadi njia ya juu, na ya pili itoke katika boriti ya njia ya juu hadi ile ya chini.

Kwa macho, badiliko hili si kitu. Lakini fikiri watu wawili walioning'inia katika kamba ya kisima. Kila mmoja akishika kamba kwa mikono yake, kila mmoja ajibeba mwenyewe. Sasa yule wa chini na aiache kamba, ashike miguu ya yule wa juu. Kamba ni ile ile, wala watu hawakuongezeka, lakini mikono ya yule wa juu sasa yabeba wawili. Ndivyo ilivyokuwa kwa nati iliyokuwa chini ya boriti ya juu: mzigo wake uliongezeka mara mbili. Na boriti yenyewe ilikuwa imeundwa kwa vyuma viwili vyenye umbo la mfereji, vikatazamanishwa na kuchomelewa pamoja, kisha tundu la ufito likatobolewa pale pale penye mshono. Usiku ule nati zikaupasua mshono na kupenya.

Uchunguzi uliendelea ukaonyesha neno jingine la kusikitisha. Hata kiungo cha mchoro wa kwanza kingeweza kubeba asilimia 60 tu ya uzito uliotakiwa na sheria za mji ule. Baada ya badiliko, kiliweza kubeba asilimia 30 hivi. Maana yake ni kwamba kiungo hiki, kilichobeba roho za watu, hakuna aliyekipigia hesabu sawasawa, si mwanzo wala mwisho.

Yawezekanaje? Wahandisi walidhani kwamba kupiga hesabu za viungo ni kazi ya karakana, kama ilivyo desturi mahali pengi. Karakana ilidhani kwamba kiungo kilichochorwa na mhandisi kimekwisha kupigiwa hesabu na mhandisi. Tena, karakana ilikuwa imewapa watu wengine kazi ya kuchora vipande. Baadaye wenye karakana walisema kwamba waliomba ruhusa ya badiliko kwa simu wakakubaliwa. Wahandisi wakakana kwamba simu hiyo ilipigwa. Lakini michoro yenye fito mbili ilifika ofisini kwao, ikatoka na muhuri. Muhuri ulikuwapo, jicho halikuwapo.

Hebu sasa tulirudie swali letu. Kosa hili ni la nani? Mchoraji atasema: Nilichora nilichoambiwa. Mtoboa matundu atasema: Nilitoboa palipoonyeshwa. Mchomeleaji atasema: Mshono wangu ulikuwa kama mchoro ulivyotaka. Karakana itasema: Muhuri wa mhandisi huu hapa. Mhandisi atasema: Nilimwamini msaidizi wangu, na msaidizi aliiamini karakana. Kila mmoja aweza kuonyesha karatasi yake, na huenda kila mmoja asema kweli juu ya karatasi hiyo. Na bado wamekufa watu 114. Je, walikufa bila ya mkosaji?

Wako wasemao hivyo. Husema kwamba katika kazi ya leo kosa ni la utaratibu, si la mtu. Sisi hatukubali, ingawa twaona walipopatia ukweli. Ni kweli kwamba utaratibu mbovu huwaangusha hata watu wema. Lakini utaratibu hauna mikono wala dhamiri. Umewekwa na watu, wafuatwa na watu, na watu waweza kuusimamisha. Huko Missouri mamlaka ilikata shauri kwamba anayetia muhuri wake katika mchoro hawezi kuitupa dhamana yake kwa mwingine, hata kama si yeye aliyeshika kalamu. Wahandisi wawili wakahesabiwa kuwa na uzembe mkubwa, wakanyang'anywa vibali vya kazi yao katika jimbo lile. Mkuu wao baadaye alisimama mbele ya wahandisi wenzake katika mikutano, akaeleza yaliyompata ili wao wasirudie. Twaona hilo ni jambo la kiume.

Hapa ndipo tuonapo tofauti kubwa kati ya mzigo wa chuma na mzigo wa dhamana. Mzigo wa chuma hugawanyika: ongeza nguzo, na kila nguzo itabeba pungufu. Dhamana haiko hivyo. Watu kumi wakishiriki kazi moja, haiwi kwamba kila mmoja ana sehemu ya kumi ya dhamana. Kila mmoja anayo yote kwa habari ya kile alichokiona, na kile ambacho ilimpasa kukiona. Hatusemi kwamba wote wana hatia sawa. Mtoboa matundu ambaye hakufundishwa hesabu za uzito hawezi kulaumiwa kama mhandisi aliyesomea miaka mingi. Aliyepewa elimu zaidi atadaiwa zaidi. Lakini hakuna aliye mdogo kiasi cha kutodaiwa kitu. Mwenye kutoboa tundu penye mshono aweza kuuliza tu: "Bwana mkubwa, nati hii itabeba nini?" Swali hilo la maneno machache lingeulizwa na mtu mmoja tu kati ya wengi waliokigusa kiungo kile, akalishikilia hata ajibiwe kwa hesabu, huenda watu wale wangalirudi nyumbani kwao.

Kutojua ni jambo moja. Kujua na kuficha ni jambo jingine, baya zaidi. Tarehe 28 Desemba 1879, usiku wa Jumapili wenye upepo mkali, daraja la reli lililovuka mto Tay katika Uskoti lilianguka wakati treni inapita juu yake. Hakuna msafiri hata mmoja aliyepona. Daraja lilikuwa halijatimiza miaka miwili tangu lifunguliwe. Baraza la uchunguzi liliona kwamba lilipangwa vibaya, lilijengwa vibaya na lilitunzwa vibaya. Zaidi ya yote, nguvu ya upepo haikuhesabiwa ipasavyo. Lakini katika ushahidi lilitoka jambo lililowashangaza wengi. Katika kalibu ya nguzo zile, chuma kilichomiminwa kilipotoka na mashimo, baadhi ya mafundi waliyaziba mashimo hayo kwa mchanganyiko wa nta, utomvu wa miti, masizi na unga wa chuma, wakausugua mpaka ukang'aa kama chuma chenyewe. Mtu akitazama, aona nguzo nzima. Hatusemi kwamba nta ile ndiyo iliyoangusha daraja. Twasema kwamba mahali ambapo mafundi wamezoea kuziba mashimo kwa nta, ukweli umekwisha kuondoka kabla ya upepo kufika.

Nta ya siku zetu ni rangi. Kila fundi wa chuma ajua kwamba mshono wa kuchomelea waweza kuwa laini juu na mbovu ndani: una ufa, au vipovu vya hewa, au takataka za moto zilizonaswa. Ndiyo maana katika kazi kubwa mishono hupimwa kwa eksirei au kwa mawimbi ya sauti, maana jicho halitoshi. Lakini vipimo navyo vyafanywa na watu, na taarifa zake huandikwa na watu.

Chukua kijana wetu. Ni saa kumi na moja jioni. Lori linangoja. Anaona mshono wenye ufa mwembamba kama unywele. Amwambia msimamizi, na msimamizi amjibu: "Paka rangi, gari liondoke." Nyumbani ana mke na watoto wawili, na kodi ya nyumba haijalipwa. Afanye nini? Ni rahisi sisi tukaao mezani na kalamu kumwambia awe shujaa. Wahenga walimpa mashauri mawili. Wa kwanza walimwambia kwamba mkono usioweza kuukata, aubusu. Wa pili walimwambia kwamba asipoziba ufa, atajenga ukuta. Twamwambia wazi kwamba shauri la kwanza lafaa pale ambapo hasara ni yake mwenyewe. Mtu aweza kuvumilia kudhulumiwa ujira wake kwa ajili ya amani. Hawezi kuvumilia kwa niaba ya watu watakaopita juu ya mshono ule, kwa kuwa wao hawakumpa ruhusa hiyo. Roho zao si mali yake hata azitoe kwa msimamizi.

Basi aukatae ufa, kwa adabu lakini kwa uthabiti. Aseme mbele ya wenzake, aandike katika daftari la kazi, amwendee mkaguzi. Huenda atapoteza kazi. Hatumfichi jambo hilo, wala hatulifanyi dogo. Lakini hapo hapo twawageukia wengine. Msimamizi amfukuzaye kijana kwa kusema kweli ajibebesha mizigo miwili, wa ufa na wa kijana. Tajiri awekaye siku za kumaliza kazi zisizowezekana, kisha akasema hakujua kilichotendeka karakana, naye ameutengeneza ufa kwa saa yake ya mkononi. Na sisi jamaa wa nyumbani, tumwulizao kijana kila mwisho wa mwezi ameleta shilingi ngapi, bila ya kumwuliza hata siku moja kazi yake ilikuwaje, tusijidhanie kuwa watu wa kando. Kijana akirudi nyumbani hana kazi kwa sababu alikataa kupaka rangi ufa, jibu atakalolipata mlangoni litaamua kama atathubutu mara ya pili.

Tena, kusema kweli hakumwangamizi mtu siku zote. Mwaka 1977 lilikamilika huko New York jengo la ghorofa 59 lililoitwa Citicorp. Kwa kuwa pembe moja ya kiwanja ilikuwa ya kanisa, mhandisi William LeMessurier alilisimamisha jengo juu ya nguzo kubwa zilizowekwa katikati ya pande zake, si pembeni. Mwaka 1978, baada ya jengo kukaliwa na watu, alihesabu upya nguvu ya upepo upigao pembe za jengo. Tena alikuwa amekwisha kuarifiwa kwamba viungo alivyotaka vichomelewe vilifungwa kwa bolti, badiliko lililokubaliwa ofisini mwake bila yeye kuambiwa. Akaona kwamba dhoruba kali yaweza kuliangusha jengo. Kwa maelezo yake mwenyewe, aliwaza kunyamaza. Lakini hakunyamaza. Aliwaendea wenye jengo, akakiri. Usiku baada ya usiku wachomeleaji waliingia, wakafunika viungo zaidi ya 200 kwa mabamba mazito ya chuma, na kabla ya mwaka kwisha jengo likawa imara. Jina lake halikupotea, aliheshimiwa zaidi.

Hata hivyo hatuwezi kumsifu bila ya kusaza. Majuma yale yote, wakazi wa mitaa ile hawakuambiwa kitu. Mpango wa kuwahamisha ulitayarishwa kwa siri, na tufani iliyokuwa ikija mnamo Septemba iligeuka ikaenda baharini. Habari zilitoka hadharani mwaka 1995 tu. Alimwambia kweli mwenye jengo. Hakumwambia jirani aliyelala kivulini mwa jengo. Hofu ya kuwatia watu fadhaa tunaifahamu, lakini mwenye roho ndiye mwenye haki ya kwanza kujua kwamba roho yake iko hatarini. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na afichaye maradhi ya jengo, kifo huwaumbua wengine.

Tumefika mwisho wa shauri letu, na jibu letu ni fupi. Kosa la wengi si kosa lisilo na mwenyewe. Ni la kila mmoja aliyeliona akalipita, na la kila mmoja ambaye ilimpasa kutazama asitazame. Wazazi, mnapompeleka kijana kujifunza ufundi wa chuma, mnunulieni miwani ya kukinga macho na glavu za kukinga mikono, maana moto ule ni mkali. Lakini mfundisheni pia, tangu angali anaunda geti la jirani, kutazama kila kiungo na kujiuliza: Hiki kitabeba nini, na kitambeba nani? Kisha, siku atakaporudi jioni akasema, "Baba, leo nimekataa kupaka rangi ufa, nao wamenifukuza," msimwulize kwanza habari za kodi ya nyumba. Mpeni kiti, mpeni chakula, na mwambieni kwamba amefanya kazi.